Alaimenti ya gari la kasi: njoo gereji na namba zako

Mimi ni fundi wa alaimenti, yaani kupanga mlalo na uelekeo wa magurudumu, Dar es Salaam. Gari nyingi zinazopanda kwenye mashine yangu ni za kwenda kazini na kurudi, ila zinazonipa raha ya kazi ni Subaru Impreza WRX na STI, hasa lile toleo lililotengenezwa hadi 2007. Mwenye gari anashuka, ananikabidhi funguo, anasema, "Fundi, nipangie tairi." Nami huwa namuuliza, "Kwa namba zipi, kaka?" Wengi hawana jibu. Makala hii ni ya kukupa jibu hilo.

Mashine ya alaimenti inabeba vipimo vya kiwandani. Kila kipimo kina mipaka yake, na ukiwa ndani ya mipaka skrini inaonyesha kijani. Kiwanda kilipanga mipaka hiyo ili gari litulie hata mikononi mwa dereva asiye mzoefu, na kwa kawaida ni mipana. Kwa hiyo gari linaweza kuwa kijani pande zote nne na bado ukikata kona kwa kasi pua inakataa kuingia. Fundi akikuonyesha kijani na kukukabidhi bili hajakudanganya. Amefanya ulichomwomba.

Vipimo vyenyewe ni vitatu. Kemba ni jinsi gurudumu linavyolala ukilitazama kwa mbele: kichwa kikilala kuelekea ndani ya gari tunaiita hasi, kikilala nje ni chanya. Kasta ni mlalo wa mhimili wa usukani ukiutazama kwa ubavuni. Ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona. Tou ni uelekeo wa magurudumu ukiyatazama kutoka juu: yakiangaliana kwa mbele ni tou ya ndani, yakiachana ni ya nje.

Kwa nini kemba hasi? Impreza hii ina shokapu za wima mbele na nyuma. Unapokata kona kwa nguvu bodi inalala upande wa nje, na gurudumu la nje linalala pamoja nayo mpaka tairi inasimama kwenye bega lake la nje. Utaliona bega hilo limeparuzwa huku katikati pakiwa pazima. Ukililaza gurudumu ndani kidogo tangu mwanzo, wakati wa kona linajikuta limekanyaga lami kwa upana wake wote.

Kwa WRX au STI ya hapa mjini, inayotumika kila siku na mara mojamoja kwenye mashindano au uwanja uliofungwa, namba ninazopendekeza ni hizi: mbele kemba ya digrii hasi 1.5 hadi hasi 2.0, kushoto na kulia sawa. Tou ya mbele sifuri. Nyuma kemba hasi 1.0 hadi 1.5, isiizidi ya mbele. Tou ya nyuma sifuri au ya ndani kidogo sana, digrii 0.10 kwa jumla ya magurudumu mawili. Wapo watakaokuambia uweke tou ya nje mbele ili usukani uwe mkali. Kwa uwanja tu, sawa. Kwa mtu anayepita Barabara ya Morogoro kila asubuhi sishauri, maana gari litakuwa linafuata kila mfereji uliochimbwa na malori kwenye lami.

Watu huogopa kemba kwamba inakula tairi. Kemba ya digrii moja na nusu, tou ikiwa sawa, haina madhara makubwa. Muuaji wa tairi ni tou. Ikiwa imekosewa, tairi inaburuzwa kwa upande kila mita unayokwenda. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, kutoka nje kwenda ndani, halafu urudishe: ukihisi upande mmoja laini na mwingine unakwaruza kama meno ya msumeno, hiyo ni tou.

Sasa maandalizi, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Hakuna maana kupanga gari lenye bushi, ile mipira ya maungio, zilizokufa. Mwambie fundi alinyanyue, atikise magurudumu ya mbele kwa juu na chini, kisha kushoto na kulia, akague boljointi, tairodi, beringi na bushi za mikono ya chini. Ile bushi ya nyuma ya mkono wa chini wa mbele aiangalie kwa makini zaidi. Ikipasuka, kila ukishika breki gurudumu linasogea na tou inabadilika yenyewe, hata kama skrini ilikuwa safi. Kwa barabara zetu na matuta yake, bushi hizo zinachoka mapema. Zibadilishe kwanza, ndipo uje kupima. Ukifunga springi mpya za kushusha gari, liendeshe wiki hivi zikae sawa, maana kimo kikibadilika kemba na tou navyo vinabadilika.

Siku ya kazi, upepo wa tairi uwe kwa kiwango cha kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au kile unachotumia kweli. Toa spika kubwa na makorokoro ya buti, isipokuwa kama unatembea nayo siku zote. Mafuta nusu tangi: tangi la WRX hiyo ni lita 60, na likijaa ni zaidi ya kilo 40 nyuma. Ukitaka usahihi zaidi, weka mfuko wa mchanga wenye uzito wako kwenye kiti cha dereva. Baadhi ya mafundi watakushangaa. Waeleze kwa heshima na usiuondoe.

Kazi inaanza nyuma. Tou ya nyuma ndiyo inayoamua gari linasukumwa kuelekea wapi. Ikipishana kushoto na kulia, utaendesha gari limenyooka huku usukani umepinda, na hakuna atakachofanya fundi mbele kitakachoponya hilo. Kwenye Impreza hii tou ya nyuma ina marekebisho yaliyowekwa na kiwanda, ila kemba ya nyuma haina. Inahitaji boliti maalumu za kununua. Mbele ni rahisi: shokapu inashikwa na boliti mbili, na ile ya juu si duara kamili, ukiizungusha gurudumu linalala ndani au nje. Boliti ya kiwandani isipofika kwenye namba yako, zipo sahani za kufunga juu ya shokapu. Tou ya mbele iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu ukigusa kemba, tou nayo inahama. Kabla ya kuigusa, injini iwashwe, usukani uzungushwe kushoto na kulia, urudishwe katikati na ufungwe kwa kile chuma chake.

Angalia pia kama fundi anasukuma gari nyuma na mbele pale mashine inapomtaka, na kama analikandamiza juu chini kila baada ya kulishusha kutoka kwenye jeki. Asiyefanya hivyo anapima magurudumu ambayo bado hayajakaa.

Omba karatasi mbili, ya kabla na ya baada, na uzisome ukiwa bado hapo. Hapa pana mtego wa vipimo: mashine nyingine zinaandika desimali na nyingine dakika, yaani sehemu za 60 za digrii. Hasi 1°30' ni digrii moja na nusu, si 1.3. Tou nayo inaandikwa kwa kila gurudumu au kwa jumla. Hakikisha unajua unasoma ipi.

Kisha mwende barabarani pamoja na fundi, sehemu tambarare. Likivuta upande, msikimbilie kurudi kwenye mashine. Badilishaneni tairi za mbele, kushoto kwenda kulia, kama kashata zake si za uelekeo mmoja. Likianza kuvuta upande wa pili, ubovu uko kwenye tairi. Likiendelea kuvuta kulekule, rudini kwenye mashine mkaanze na vipimo vya magurudumu ya nyuma.