Somo: Kukiingiza kiwanda cha mbao kwenye njia ya uendelevu, hatua za miezi ya mwanzo

Kamwene, ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini.

Mwezi huu nimepigiwa simu na wenye viwanda wawili, mmoja wa Mafinga, mwingine wa Makambako. Wote wana shida moja: mnunuzi mkubwa amewauliza kampuni yao inafanya nini kuhusu uendelevu, yaani kuzalisha bila kumaliza misitu wala kudhuru watu na mazingira, nao wakakosa jibu. Mmoja alishaanza kutafuta mtu wa kumwandikia sera ya mazingira ya kurasa 40. Nilimwomba asubiri kwanza. Nimekaa kwenye viwanda vya mbao Mufindi muda mrefu, na nimeona sera nzuri zikipigwa vumbi ofisini huku nje magogo yanaliwa na msumeno. Kampuni haiwezi kuanza safari hii kabla ya kujua inapoteza nini kila siku. Kwa hiyo tunaanzia uwanjani.

HATUA YA 1: Pima gogo, hesabu mbao

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo penye faida yote.

Chagua siku 5 za kazi za kawaida. Usiwaambie mafundi wajitahidi zaidi, la sivyo utapima jitihada ya wiki moja. Kila gogo kabla halijapanda mezani lipimwe urefu na kipenyo cha katikati. Ujazo wake unaupata hivi: nusu ya kipenyo izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, kisha kwa urefu, vyote vikiwa kwa mita. Baada ya kupasua, hesabu mbao nzuri zilizotoka.

Chukua gogo la paini la futi 12 (mita 3.66) lenye kipenyo cha sentimita 25. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 0.18. Mbao moja ya 2x4 ya futi 12 ni kama 0.019. Ukitoa mbao 3, umepata kama asilimia 32 ya gogo ulilolilipia. Ukitoa 4, umepata asilimia 42. Mbao moja tu imeleta tofauti hiyo yote.

Sasa ipeleke hesabu hiyo msituni. Anayepata asilimia 30 anahitaji mita za ujazo 100 za magogo ili apate 30 za mbao. Akifika asilimia 40, magogo ya mita za ujazo 75 yanamtosha. Robo ya miti inabaki imesimama inaendelea kunenepa, na pesa ya kuinunua, kuikata na kuisafirisha inabaki mfukoni. Mnunuzi akikuuliza tena kuhusu uendelevu, mwonyeshe daftari hilo.

Hasara inatokea wapi? Msumeno wa mviringo wa zile mashine tunazoziita dingdong unakula milimita 5 au zaidi kila unapopita. Mbao ya inchi 1 ni milimita 25. Maana yake kila ukipasua mara 5, mbao nzima imegeuka vumbi. Msumeno wa mkanda unakula karibu nusu ya hapo, lakini usikimbilie kuununua. Angalia kwanza ulionao: meno butu, beringi zilizolegea, meza isiyonyooka. Fundi anayejua msumeno wake unatangatanga huacha mbao iwe nene kidogo ili asiharibu kipimo, na unene huo unakuja kuondolewa kwenye randa. Simlaumu, anajilinda. Weka ratiba ya kunoa inayofuatwa hata siku ya kazi nyingi, badilisha beringi kabla hazijalia, na panga magogo kwa ukubwa ili fundi asibadilishe vipimo kila dakika. Kisha pima tena siku 5.

HATUA YA 2: Fuata maranda na mabanzi mpaka yanakoishia

Kiwanda cha kwanza nilichofanyia kazi kilikuwa kikirundika maranda nyuma ya uwanja. Lundo lilianza kuungua ndani kwa ndani, juu huoni kitu, hadi usiku mmoja upepo wa Agosti ukaamsha moto. Tulipoteza mbao zilizopangwa kukauka, na majirani walivuta moshi siku kadhaa. Sikuisahau harufu ile. Tangu hapo kila ninapoingia kiwandani, kabla ya kusalimia ofisini, naenda kwanza nyuma.

Andika kila kinachotoka na anayekichukua. Mabanzi yana wateja: wachoma tofali, wajenga mabanda na uzio, mama lishe. Maranda makavu ya paini yanatandikwa kwenye mabanda ya kuku, yanashindiliwa kuwa mkaa mbadala, na yanaweza kuwasha tanuru la kukaushia mbao zako mwenyewe. Ukiwa karibu na kiwanda cha chai, nenda kaulize pia. Chai hukaushwa kwa joto, na wengi hutegemea kuni.

Onyo, na ninaomba lichukuliwe kwa uzito. Vumbi na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa visiende kwa kuku wala jikoni. Dawa ile ya rangi ya kijani ina shaba, kromiamu na aseniki. Ukivichoma, sumu inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Viwekwe peke yake, kwenye sakafu ya saruji chini ya paa, na uwasiliane na NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, kuhusu namna ya kuviondoa kwa usalama.

HATUA YA 3: Dizeli

Gawanya lita za dizeli za mwezi kwa mita za ujazo za mbao ulizotoa. Namba hiyo moja iandike ukutani. Lita 1 ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo mteja akitaka takwimu za hewa ukaa, tayari una pa kuanzia. Msumeno mkali hupunguza namba hii pia.

HATUA YA 4: Mapafu ya watu

Vumbi la mbao limewekwa na IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na imekuwa hivyo tangu 1995. Kampuni inayotunza miti na kuacha kijana wa miaka 22 avute vumbi bila barakoa haijaanza safari yoyote. Nunua barakoa za vumbi zinazoshika vizuri usoni, vizibo vya masikio, kinga ya msumeno. Na wape mafundi nafasi ya kusema. Wao ndio wanaojua mashine inapovujisha mafuta.

HATUA YA 5: Karatasi moja

Sasa ndipo andika. Ukurasa mmoja: tulipo (namba za hatua ya 1 hadi 3), tunapotaka kufika ndani ya mwaka, nani anawajibika kwa kila namba. Ambatisha vibali vya mazingira na nyaraka za magogo kutoka TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Vyeti kama ISO 14001 (cha usimamizi wa mazingira) au FSC (cha misitu inayotunzwa vizuri) ni vizuri, lakini mkaguzi atakuja kuomba rekodi, na rekodi ndizo umeanza kuzitunza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Uyole): Ndaga fijo mwalimu. Mimi nina mashine ya kukoboa na kusaga mahindi, natumia umeme wa TANESCO. Nifunge sola kwanza?

Jibu: Mkuu, sola ije baadaye. Angalia mota inazunguka muda gani bila mahindi, mikanda imelegea kiasi gani, na mawe au nyundo za kusagia zimechakaa vipi. Kama bili yako ina mstari wa kVA, yaani malipo ya kiwango cha juu cha umeme ulichovuta kwa mpigo, usiwashe mashine zote kwa mpigo asubuhi. Andika uniti kwa kila gunia kwa mwezi mmoja, kisha ndipo utajua sola ya ukubwa gani inakufaa. Ukiinunua leo, utanunua sola ya kulisha hasara.

Swali (Mbozi): Shikamoo mwalimu. CPU yetu, yaani kiwanda cha pamoja cha kumenyea kahawa, ipo karibu na mto, na wanunuzi wa Ulaya wameanza kutuuliza mambo ya misitu. Tushike lipi?

Jibu: Marahaba dada yangu. Anza na maji. Maji ya kumenyea kahawa yana sukari nyingi na huchachuka. Yakiingia mtoni, oksijeni inaisha na samaki wanakufa. Yazungusheni mtumie tena siku hiyohiyo, mengine yaende kwenye mashimo mbali na mto, na maganda yarudi shambani kama mboji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto, hivyo pimeni mpo umbali gani kabla hamjapimiwa. Kuhusu Ulaya: kanuni yao ya 2023 inagusa kahawa na mbao pia. Inataka ijulikane shamba lenyewe liko wapi, na lisiwe limefyekwa kutoka msituni baada ya 31 Desemba 2020. Chukueni alama za GPS za kila mkulima msimu huu mnapopokea kahawa, wakiwa wote wapo.

Swali (Njombe): Na sisi wa parachichi je?

Jibu: Kwenye kanuni hiyo parachichi halimo. Lakini rekodi za dawa na maji mnunuzi atazitaka tu, zitunzeni.

Swali (Mafinga): Mwalimu, mimi ni karani tu. Bosi ukimtajia mazingira anasema hayo ni mambo ya wafadhili. Nifanyeje?

Jibu: Mdogo wangu, usimtajie mazingira. Kesho asubuhi kabla mashine haijawashwa, omba gogo moja. Lipimeni pamoja, lipasuliwe, mbao zipangwe upande mmoja. Mabanzi na magunia ya maranda upande wa pili. Kisha mpe bei aliyolinunulia gogo lile, na umwache asimame pale kati aangalie.