Maji ya rejeta yanakwenda wapi? Kupima Prado na Surf za 1KZ zinazochemsha

Fundi akiambiwa gari linachemsha, mara nyingi jibu huwa tayari mdomoni: gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imekwenda. Kwa injini ya 1KZ-TE hajakosea sana, maana hedi yake ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na sifa yake ya kupasuka katikati ya valvu inajulikana karibu kila gereji. Lakini kufungua hedi ndiyo kazi ghali kuliko zote kwenye mfumo huu, na sababu nyingine zote zinapimika kabla hujagusa boliti hata moja. Maelezo haya yamelenga injini hiyo ya lita 3.0 yenye tabo, iliyofungwa kwenye Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990. Hiace zenye injini za 2L, 3L na 5L hupimwa kwa njia ileile.

Kipi kilitangulia?

Maji kupungua na gari kuchemsha ni magonjwa mawili. Gari lenye mpira uliochanika hupoteza maji kwanza, halafu ndipo huchemsha. Gari lenye rejeta iliyoziba huchemsha kwanza, halafu hutema maji. Ukifungua, ukaona maji yamepungua, ukajaza na kuondoka, bado hujajua uko upande gani.

Kwa hiyo jaza rejeta hadi shingoni na chupa ya akiba hadi alama, injini ikiwa baridi. Andika kilomita. Endesha siku tatu nne kama kawaida yako, na kila asubuhi ongeza maji kwa chupa yenye vipimo ili ujue umeweka kiasi gani. Maji yakipungua nusu lita na geji haijawahi kupanda, tafuta mvujo. Geji ikipanda huku rejeta bado imejaa, tatizo ni upozaji.

Geji yenyewe usiiamini kupita kiasi. Za Toyota za miaka hiyo zimetengenezwa zitulie katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Sindano ikianza kuiacha katikati, injini imeshapata moto wa kutosha. Baya zaidi, sensa hupima maji. Maji yakiisha ikabaki hewa na mvuke, sindano inaweza kurudi chini wakati hedi inaungua. Ikishuka ghafla mlimani, na ukiwasha hita inapuliza hewa baridi, egesha uzime injini hapohapo. Usimwagie maji baridi. Hedi nyingi zilizofika salama kando ya barabara zimepasuliwa na ndoo ya msamaria mwema.

Mfuniko kwanza

Mfuniko wa rejeta una namba juu yake, kwa kawaida 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo presha inayoshikilia, karibu sawa na bar. Maji matupu yakiwa chini ya presha ya 0.9 huchemka karibu nyuzi 118 huku pwani. Yasipokuwa na presha huchemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam, na kama 94 tu Mbeya au Nairobi, kwa sababu ya mwinuko. Ndiyo maana gari lenye mfuniko uliolegea linaweza kwenda vizuri Tanga likaanza kutema maji Uyole, Mbeya, na mwenye gari akalaumu mlima.

Kagua mpira wa chini kama umekatika au umekauka, bonyeza springi, kisha vuta kwa ukucha kile kivalvu kidogo cha katikati. Lazima kitoke na kurudi. Kikiganda, maji yaliyokwenda kwenye chupa hayarudi, na utaukuta mpira wa juu wa rejeta umenywea asubuhi. Nunua mfuniko wa namba ileile. Kupandisha namba ili "gari lisichemshe" kunaishia kupasua tangi la plastiki la rejeta.

Usifungue injini ikiwa moto. Subiri mpaka uweze kuufinya mpira wa juu na kuushikilia bila kuungua, kisha fungua kwa tambara nene, nusu mzunguko, presha itoke, ndipo umalizie.

Mvujo wa nje

Chombo kinachofaa ni pampu ya mkono ya kupimia rejeta, inayokaa mahali pa mfuniko. Injini ikiwa baridi na rejeta imejaa, pampu hadi namba ya mfuniko wako (0.9 ni kama psi 13), usizidishe, uiache dakika 15. Sindano ikishuka, chukua tochi.

Anza na wota pampu, inayozungusha maji ya injini: ina kitundu kidogo chini ya shafti kilichowekwa makusudi ili maji yaonekane sili inapochoka. Michirizi iliyokauka hapo inatosha kuihukumu. Kagua mahali tangi la plastiki linapoumana na bati la rejeta, chini ya klempu zote, na vifuniko vya bati vilivyogongwa ubavuni na nyuma ya bloku. Zulia lililolowa mbele ya abiria, au kioo cha mbele kinachojaa ukungu wenye harufu tamu, ni hita ya ndani. Gari lenye hita ya nyuma lina mabomba marefu ya chuma yanayopita chini ya bodi. Hayo huoza kwa kutu pasipo mtu kuyatazama.

Huna pampu? Osha injini, ikauke, endesha, halafu tafuta alama. Kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) ya rangi ikikauka huacha unga unaoonekana, maji ya bomba karibu hayaachi kitu. Pia kuna mvujo unaotoka injini ikiwa baridi tu na kujiziba vyuma vikipanuka, kwa hiyo kagua asubuhi kabla ya kuwasha.

Mvujo wa ndani

Sindano ya pampu ikishuka na nje pamekauka, maji yanaingia ndani. Acha presha usiku kucha. Asubuhi toa hita plagi (plagi za kupasha joto silinda) zote nne, chomoa soketi ya umeme kwenye pampu ya dizeli ili nozeli zisimimine mafuta, kaa kando, mtu apige stata. Silinda inayorusha maji imejitaja yenyewe. Gari ambalo stata yake hugoma ghafla asubuhi, kama imegonga ukuta, usililazimishe wala kulisukuma: maji hayabanwi, na kinachopinda ni konektingi rodi.

Mara nyingi lakini ufa huanza kupitisha gesi muda mrefu kabla ya kupitisha maji, na hapa ndipo dizeli inapotofautiana na petroli. Dawa ya buluu inayobadilika rangi ikikutana na gesi ya moshi hufanya kazi vizuri kwenye petroli. Kwenye dizeli inaweza kukudanganya. Sailensa ya dizeli hutoa kabonidayoksaidi kidogo, na sehemu ya kinachosukumwa kwenye ufa ni hewa safi ya wakati pistoni inakandamiza, kabla hata mafuta hayajawaka. Rangi ikibadilika, amini. Isipobadilika, usitangaze kwamba hedi ni nzima.

Kipimo cha kuaminika zaidi hakina gharama. Gari lilale usiku mzima. Asubuhi, kabla ya kuwasha, legeza mfuniko polepole: likitoa "psss" wakati kila kitu ni baridi, kuna gesi iliyobaki tangu jana. Rudisha mfuniko, washa, shika mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, maji yakiwa bado baridi, presha hiyo haikutokana na joto. Hakuna kitu kingine cha kuileta ila silinda.

Kisha weka faneli iliyobana kwenye shingo ya rejeta, ijaze nusu. Mapovu machache mwanzoni, hasa baada ya kujaza maji upya, ni hewa ya kawaida. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga resi, si hewa iliyosahaulika. Ukitaka kujua silinda gani, legeza nati ya bomba la nozeli moja moja injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, tambara juu yake, miwani machoni. Mapovu yakipungua, umepata. Usithubutu kufanya hivyo kwenye D-4D, dizeli mpya zaidi za Toyota kama 1KD: presha ya mabomba yale hupita bar 1,000 na dizeli hupenya ngozi.

Nyufa nyingine hufunguka kwenye mzigo tu. Kama asubuhi hakuna kitu, rudia baada ya kupanda mlima.

Moshi nao una lugha yake. Mweupe unaowasha macho na kuisha injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua. Angalia hita plagi na nozeli. Mweupe mzito wenye harufu tamu, unaobaki, ni kulanti. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni maji ndani ya oili. Lakini oili inayoelea kwenye rejeta, huku kijiti cha oili kikiwa safi, mara nyingi ni kipozeo cha oili: injini ikifanya kazi, presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo oili ndiyo huvuka. Gari la otomatiki lenye uji wa waridi kwenye rejeta halina shida ya hedi kabisa. Kipozeo cha gia boksi kilicho ndani ya tangi la chini la rejeta kimetoboka. Usiliendeshe hata hadi gereji. Maji huua klachi za gia boksi haraka.

Rejeta imejaa, gari linachemsha

Uliza linachemsha wapi. Foleni ya Ubungo ndiyo inayolichemsha, barabara wazi linapoa? Ni upepo: feni. Linachemsha kwenye milima ya Kitonga, Sekenke au ukipanda kutoka Mai Mahiu, lakini mjini halina neno? Ni rejeta kutopitisha maji ya kutosha, au gesi ya hedi.

Feni ya 1KZ haijafungwa moja kwa moja; ina klachi yenye mafuta ya silikoni. Zima injini ikiwa na moto wa kutosha, zungusha feni kwa mkono. Iwe nzito. Ikizunguka raundi kadhaa yenyewe, silikoni imekwisha au imetoka. Tafuta utando wa mafuta kwenye uso wake. Angalia pia ile ngao ya plastiki inayozunguka feni. Ikivunjika watu huitupa, na feni ikabaki inakoroga hewa ya ndani ya boneti badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Tenganisha kondensa ya AC na rejeta uangalie katikati. Nyasi, wadudu na matope hujaa hapo pasipoonekana mbele wala nyuma. Osha kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa presha ndogo. Kwa ndani, pitisha kipimajoto cha mwanga juu ya rejeta lenye moto: joto lishuke taratibu kutoka upande maji yanapoingia. Kipande kilichopoa peke yake ni mirija iliyoziba, na kama umekuwa ukijaza maji ya kisima yenye chumvi, usishangae.

Sasa themostati, valvu inayofungua njia ya rejeta maji yakipata moto. Desturi ya kuitoa na kuitupa imeharibu injini nyingi. Themostati za dizeli nyingi za Toyota zina sahani ya pili chini. Ya juu ikifungua njia ya rejeta, ya chini huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji hairudi tena rejetani, hasa mlimani unapoyahitaji. Ipime: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Ianze kufunguka karibu na namba iliyochapwa juu yake, kwa mfano 76 au 82, na nyuzi kama 13 zaidi iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Unapoirudisha, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu ili hewa ipite.

Kujaza upya

Tumia kulanti ya aina moja na maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu. Joto la pwani halihitaji kinga ya barafu, lakini aluminiamu inahitaji kinga ya kutu. Usichanganye aina tofauti, na usiimwage uani: ni sumu yenye utamu, mbwa na watoto huionja. Elekeza pua ya gari mlimani, fungua hita hadi moto wa mwisho, jaza polepole huku ukifinya mpira wa juu, washa, ongeza kadiri maji yanavyoshuka mpaka themostati ifunguke na mpira wa chini upate joto. Funga. Likipoa, kagua tena.

Ikiwa vipimo vyote vimeelekeza kwenye hedi, ipelekwe kwa mchongaji ipimwe kwa presha ikiwa ndani ya maji ya moto, kabla ya kusagwa. Kuna nyufa ambazo hazionekani ikiwa baridi, na kuisaga hedi iliyopasuka ni kulipia kazi mara mbili. Kabla ya kununua gasketi, pima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku. Gasketi za injini hii huja kwa unene tofauti, na anayenunua kwa jina la gari tu anabahatisha.