Usinunue kidoli kabla hujatafuta silaha yake

Belo la midoli likimwagwa kwenye turubai pale Memorial, soko la mitumba la hapa Moshi, wanunuzi wengi hukimbilia madubu ya manyoya na magari. Mimi nainama nipekue kwenye takataka. Kule chini kuna vipande vya plastiki vidogo kuliko punje ya hindi, ambavyo jioni muuzaji atavifagia: bastola za mionzi, kofia za marubani, antena, panga za mwanga. Vidoli vyenyewe vya filamu za anga za juu havina shida, vinakuja uchi na mikono mitupu. Kazi ni vikorokoro vyake. Nitaeleza ninavyovikusanya mimi hapa Moshi, kwa mfuko wa mtu wa kawaida.

Hatua ya 1: Chagua kimo kimoja ukae nacho

Vimo vikubwa ni vitatu. Vidogo ni vya inchi 3.75, yaani kama sentimita 9.5, kimo ambacho kampuni ya Kenner ya Marekani ilikitumia kwa vidoli vya filamu ya Star Wars vilivyotoka 1978. Vya kati ni vya inchi 6, kama sentimita 15. Huko ndiko uliko mfululizo wa vidoli vya Star Wars uitwao Black Series, ambao kampuni ya Hasbro iliuanza 2013. Vikubwa hufika sentimita 30, kama vile vya Hot Toys ya Hong Kong, na bei yake siitaji nikiwa mezani na mke wangu. Bunduki ya kimo kimoja haishikiki na mkono wa kimo kingine. Kwa hiyo ukichanganya vyote tangu mwanzo, utaishia na ndoo ya silaha zisizo na askari. Nilichagua vidogo kwa kuwa ndivyo ninavyovikuta mara nyingi. Tembea na rula ya shule mfukoni.

Hatua ya 2: Chimba chini ya rundo

Wahi belo linapofunguliwa, iwe Memorial au Kiboriloni. Salimia kwanza, halafu uliza vidogo kabla ya kuuliza kikubwa.

“Shikamoo mama. Hivi vidogo vidogo huku chini unaviuzaje?”

“Marahaba. Hivyo uchafu tu baba, chukua.”

Hapo ungeweza kuondoka na mfuko mzima bure. Usifanye hivyo. Mpe hata buku, umwambie kwamba safari nyingine akiviona asivifagie. Nina mama mmoja ananiwekea kwenye kopo la Blue Band tangu mwaka juzi, na kopo lile limenipa zaidi ya nilivyopata kwa kuchimba mwenyewe.

Hatua ya 3: Soma mguu

Huwezi kumtafutia mtu silaha yake kabla hujajua ni nani. Geuza kidoli, angalia nyuma ya mguu au chini ya unyayo. Utaona herufi ndogo sana, zimulike kwa tochi ya simu kwa upande ili zitoe kivuli. Vile vya mwanzo vya Kenner vina herufi G.M.F.G.I., yaani General Mills Fun Group, waliokuwa wenye kampuni wakati huo. Mwaka ulioandikwa ni wa hakimiliki. Kilichoandikwa 1977 kinaweza kuwa kilitoka kiwandani miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo usimlipe mtu pesa ya ukongwe kwa sababu ya tarakimu hizo peke yake.

Ukishapata jina, tafuta picha yake intaneti uone alitoka dukani na nini. Wahusika wa Star Wars Darth Vader na Luke Skywalker wa 1978, kwa mfano, panga zao za mwanga zimefichwa ndani ya mkono, zinasukumwa zitoke. Ncha yake nyembamba ndiyo inayokatika, basi isukume uione yote kabla hujalipa. Jawa, yule kiumbe mfupi wa filamu hiyo hiyo, wa kwanza kabisa alivaa joho la plastiki laini, kisha wakambadilishia la kitambaa. Lile la plastiki lina bei kali, ndiyo maana la kughushi limezagaa.

Wapo wanaopima silaha kwa glasi ya maji: nyingi za asili za Kenner huelea, nyingi za kuigiza huzama. Mimi pia hufanya hivyo, ila siapi kwa kipimo hicho, maana kuna za asili zinazozama na za bandia zinazoelea.

Hatua ya 4: Oshea kwenye beseni

Nasisitiza beseni. Bastola yangu ya kwanza ya maana iliteleza bombani ikaenda na maji ya karo, na sikuipata hata nilipofungua bomba lote la chini. Maji yawe vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki laini uliochakaa. Joho la kitambaa livuliwe kwanza. Thinner na asetoni ya kucha usiviguse, vinakula rangi na plastiki yenyewe. Kidoli kinachonata hata baada ya kukauka hakina uchafu: kemikali inayolainisha plastiki ndiyo inayotoka. Osha tena kwa sabuni, kausha, kiache penye hewa.

Hatua ya 5: Kumshikisha silaha

Hapa ndipo vidole gumba vya vidoli vinapokatika, hasa asubuhi za baridi za mwezi wa saba plastiki ikiwa imekakamaa. Usisukume. Mimina maji ya moto ya chupa ya chai kwenye kikombe, tumbukiza kiganja tu kwa nusu dakika, ukijaribu kwa kucha. Kikilegea, fungua vidole taratibu, ingiza mpini, kisha zamisha kwenye maji baridi kigande kwa umbo hilo. Kiungo cha bega au goti kilichogoma nacho kinatibiwa hivyo hivyo. Kilicholegea, paka gundi nyeupe ya shule kidogo kwenye kifundo, kiache kikauke huku ukikichezesha kila baada ya dakika chache kisigande.

Kikikatika, supa gluu inafaa kwenye plastiki isiyopitisha mwanga. Kwenye upanga unaong'aa au kioo cha kofia, mvuke wake huacha ukungu mweupe. Nimeharibu viwili mpaka nikaelewa.

Hatua ya 6: Kilichokosekana, chonga

Mrija wa kalamu ya Bic, spoki ya baiskeli na gundi ya mirija miwili ya duka la vifaa vya ujenzi vinatosha kutengeneza bunduki ya heshima. Weka alama ya kitone chini ya mpini, ili siku ukiuza asije mtu akaidhania ya asili.

Hatua ya 7: Hifadhi

Vile vifuko vya zipu vya famasi vinafaa sana: silaha moja, kifuko kimoja, na karatasi yenye jina kwa penseli. Plastiki laini isilale muda mrefu juu ya plastiki ngumu, inaweza kuiyeyusha pole pole. Rafu iwe mbali na dirisha, kwa sababu jua hugeuza vyeupe kuwa vya njano. Juu ya king'amuzi hapafai, pana joto.

Kwenye kopo langu bado kuna antena ya kijivu, urefu wake punje mbili za mchele, mwaka wa tatu haijapata mwenyewe. Ukikutana na kidoli cha inchi 3.75 chenye tundu la duara nyuma ya bega la kushoto, niambie.