Simbilisi na Sungura Wasiotakiwa: Namna ya Kuwapokea na Kuwatafutia Makao

Hapa Tanga, kuanzia Chumbageni hadi Pongwe, simbilisi na sungura hununuliwa kwa ajili ya watoto, kisha huzaana mpaka nyumba ielemewe. Watoto wakienda shule ya bweni, wanyama hubaki ndani ya boksi nyuma ya banda la kuku. Mwongozo huu ni wa mtu aliye tayari kuwachukua na kuwatafutia pa kwenda. Usipozuia wasizaane mikononi mwako, hutamaliza kuwagawa.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kupokea

Wanakula nini? Jike amezaa lini? Amekaa na dume? Uliza kwa upole, maana aliyelaumiwa huenda kuwamwaga kichakani usiku. Mtu mzima akikwambia, "Mwanangu, hawa wamenishinda," mjibu, "Usijali bibi, umefanya vyema kusema," kisha endelea na maswali yako.

Akikuletea komba au kalunguyeye, hao ni wanyamapori wa hapa nchini, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwaweka nyumbani bila kibali. Wasiliana na TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au afisa wanyamapori wa wilaya. Mnyama akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Hatua ya 2: Wasafirishe kukiwa na ubaridi

Alfajiri au jioni, ndani ya tenga lililotandikwa nyasi. Usiwatie kwenye kiroba juu ya bodaboda. Sungura usimnyanyue kwa masikio. Mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine ubebe makalio, kwani akirusha mateke bila kuegemezwa anaweza kuvunjika uti wa mgongo.

Hatua ya 3: Tenganisha madume na majike siku hiyo hiyo

Hatua hii ndiyo inayoamua kila kitu. Simbilisi jike anaweza kushika mimba tena saa chache tu baada ya kuzaa, na sungura vilevile, kwa hiyo usisubiri "wazoee kwanza". Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi. Ya simbilisi ni kati ya siku 59 na 72. Vitoto vya kiume vya simbilisi viondoe kwa mama yao vikifika wiki tatu, hata kama vinaonekana vidogo mno. Jike aliyetoka kwa dume usimgawe kabla siku 72 hazijapita, au kabla daktari wa mifugo hajahakikisha kwamba hana mimba.

Simbilisi hapendi upweke, basi weka majike kwa majike. Usimchanganye na sungura: sungura anaweza kumuumiza kwa teke na kumwambukiza ugonjwa wa kifua.

Hatua ya 4: Waweke pembeni wiki mbili

Wakae mbali na wanyama wako wengine. Wapime kwa mizani ya jikoni kila baada ya siku chache, ukiandika. Angalia magamba ndani ya masikio ya sungura, manyoya yanayonyonyoka, kinyesi kilichoganda nyuma, na meno ya mbele, ambayo hayaachi kukua. Magamba ya utitiri usiyabandue. Yanauma sana, na dawa ikifanya kazi yatadondoka yenyewe. Usiwape amoksilini ya kumeza kutoka duka la dawa za watu: huvuruga bakteria wa tumboni, mnyama huharisha na kufa. Asiyekula kwa nusu siku apelekwe kwa daktari bila kungoja kesho.

Hatua ya 5: Chakula

Nyasi ziwepo muda wote, ziwe nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ukoka unafaa, ila usikatwe kando ya barabara au mahali palipopuliziwa dawa. Ongeza mchicha kidogo na matembele. Kisamvu kibichi, parachichi, vitunguu na majani ya nyanya, usiwape kabisa.

Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Anahitaji angalau miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mwenye mimba hadi 30. Akikosa hupata kiseyeye: manyoya husimama, viungo huvimba, akiguswa hulia. Wengi wanaoletwa wakisemekana "wamepooza" wana tatizo hili. Kipande cha hoho kila siku, au cha pera, kinatosha, na soko la Mgandini halikosi. Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji havitegemeki, kwa sababu vitamini hiyo huharibika upesi.

Hatua ya 6: Joto

Miezi ya kaskazi huua. Banda liwe la makuti chini ya mwembe. Bati tupu halifai. Adhuhuri weka chupa ya maji yaliyoganda iliyofungwa kitambaa. Anayehema kwa nguvu na kutoa udenda, mpanguse masikio kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu.

Hatua ya 7: Chagua mpokeaji

Muulize bila kuzunguka: "Dada, unataka wa kufuga au wa kitoweo?" Wako watu wanaofuga simbilisi na sungura kwa nyama, na hilo si kosa, lakini mimi hawa siwatoi kwa kazi hiyo, na humwambia mapema ili tusidanganyane. Nenda ukaone banda. Mweleze kwamba simbilisi huishi miaka mitano hadi minane, na sungura anaweza kupita kumi. Mpe majike wawili au madume wawili waliozoeana, kamwe usimpe jozi ya dume na jike, hata akusihi vipi.

Akikosekana mpokeaji, endelea kukaa nao. Usiwaachie Saadani wala misitu ya Amani. Simbilisi asili yake ni milima ya Andes, na amefugwa kwa maelfu ya miaka. Ukimwachia porini, kunguru na paka watammaliza upesi.

Piga simu baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi, uombe picha ya banda. Mwambie yakimshinda awarudishe kwako, asimpe jirani, na wewe uache kizimba kimoja wazi kwa ajili hiyo.