Somo: Kuandika uthibitisho kwa induksheni bila kuacha mwanya

Chukua n² + n + 41. Ukiweka n = 0 unapata 41, n = 1 unapata 43, n = 2 unapata 47. Zote ni namba tasa. Endelea hivyo mpaka n = 39 na hutakutana na hata moja isiyo tasa: mifano 40 mfululizo. Kisha n = 40 inakupa 1681, yaani 41 × 41, na dai kwamba fomula hii hutoa namba tasa daima limeanguka. Ndiyo sababu tunahitaji njia inayofunga namba zote kwa mara moja. Njia hiyo ni induksheni: unathibitisha dai kwa namba ya kwanza, kisha unaonyesha kwamba likiwa kweli kwa namba moja, ni kweli pia kwa inayofuata.

Hatua ya 1: Andika dai. Liite D(n). Hapa tutatumia hili: "Jumla ya namba witiri n za kwanza ni n²", yaani 1 + 3 + 5 + … + (2n − 1) = n², kwa kila n ≥ 1. D(n) ni sentensi, ama kweli ama si kweli. Ukiandika "D(n) = n²" umeigeuza kuwa namba, na kuanzia hapo maandishi yako hayasomeki. Taja pia n inaanzia wapi.

Hatua ya 2: Msingi. Kokotoa kila upande peke yake. Kushoto kuna 1; kulia kuna 1² = 1. D(1) ni kweli.

Hatua ya 3: Dhana. Andika: "Chukua k yoyote, k ≥ 1, na tuseme D(k) ni kweli." Ni k moja, ingawa hatujaitaja thamani yake. Ukiandika "tuseme D(k) ni kweli kwa kila k", umeshachukua dai lote kabla ya kulithibitisha.

Hatua ya 4: Kuvuka kutoka k kwenda k + 1. Hapa ndipo kazi ilipo. Anza na upande mmoja tu wa D(k + 1):

1 + 3 + … + (2k − 1) + (2k + 1)
= k² + (2k + 1)  [kwa dhana]
= (k + 1)²

Andika "kwa dhana" pale pale ulipoitumia. Ukifika mwisho bila kuitumia popote, ama umekosea ama dai halikuhitaji induksheni tangu mwanzo.

Kosa linaloharibu kazi nyingi hapa ni kuanza na mlinganyo unaotaka kuupata, kufanyia kazi pande zote mbili, hadi utokee ukweli kama 1 = 1. Hilo halithibitishi kitu. Anza na −1 = 1, weka kipeo cha pili kila upande, nawe utapata 1 = 1.

Hatua ya 5: Hitimisho. Sentensi moja inatosha: kwa hatua ya 2 na ya 4, D(n) ni kweli kwa kila n ≥ 1.

Sasa jaribu 2ⁿ > n². Kwa n = 1 ni kweli (2 > 1), lakini kwa n = 2 pande zinalingana (4 na 4), kwa n = 3 dai ni uongo (8 na 9), kwa n = 4 zinalingana tena (16 na 16). Kwa n = 5 tuna 32 > 25, na msingi uwekwe hapo. Kuvuka: 2ᵏ⁺¹ = 2 × 2ᵏ > 2k² kwa dhana. Inabaki kuonyesha kwamba 2k² ≥ (k + 1)², yaani k² − 2k − 1 ≥ 0, jambo lililo kweli kuanzia k = 3. Angalia vizuri: kuvuka kunafanya kazi tangu 3, ilhali dai lenyewe linasimama tangu 5. Vitu hivi viwili hukaguliwa kila kimoja peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mifano mingapi inatosha ili nisihangaike na uthibitisho?
Hakuna idadi, kama dai linahusu namba zisizo na mwisho. Mwanahisabati Fermat aliamini kwamba 2 kwa kipeo cha 2ⁿ, kujumlisha 1, daima ni namba tasa. Kwa n = 0 hadi 4 tunapata 3, 5, 17, 257 na 65537, zote tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler alionyesha kwamba inayofuata, 4294967297, ni 641 × 6700417. Mifano hukusaidia kubuni dai na kuliangusha. Mmoja tu unaokataa unatosha kuliangusha.

Kudhani D(k) si kudhani kile kile tunachokitafuta?
Hapana. Hatua ya 4 inathibitisha sentensi ya "ikiwa… basi…" tu. Inaweza kuwa sahihi hata dai likiwa uongo mtupu. Mfano: "n = n + 1". Ikiwa k = k + 1, ongeza 1 kila upande, basi k + 1 = k + 2. Kuvuka hakuna kasoro. Kinachokosekana ni msingi.

Kuna uthibitisho kwamba kalamu zote zina rangi moja. Kosa liko wapi?
Kalamu 1 ina rangi moja na yenyewe. Kwa kalamu k + 1, unatoa ya kwanza: k zilizobaki zina rangi moja kwa dhana. Unairudisha, unatoa ya mwisho: vivyo hivyo. Zile za katikati, zilizomo katika makundi yote mawili, ndizo zinazoyaunganisha. Sasa weka k = 1. Kalamu ni mbili, katikati hakuna kitu. Kuvuka kunavunjika mahali hapo pamoja tu, kutoka 1 kwenda 2, na inatosha. Kila mara jaribu hatua ya 4 kwa k ndogo kuliko zote.

Lini dhana ya k peke yake haitoshi?
Pale k + 1 haijengwi kutoka k. Thibitisha kwamba kila namba kuanzia 2 ni tasa au ni zao la namba tasa. Kama k + 1 si tasa, ni a × b, zote mbili zikiwa kati ya 2 na k. Kujua habari za 11 hakukusaidii kuigawa 12. Unahitaji 3 na 4. Kwa hiyo dhani D(2), D(3), … hadi D(k) zote. Na kama kuvuka kwako kunarudi nyuma namba mbili kila mara, kama ilivyo kwa mfuatano wa Fibonacci (kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia), msingi nao uwe na kesi mbili.