Kumlisha kwa Mkono na Kumuuguza Mtoto wa Simbilisi

Simbilisi, mnyama mdogo wa kufugwa aitwaye kwa Kiingereza guinea pig, hukaa tumboni mwa mama yake kwa siku 59 hadi 72, naye huzaliwa akiwa na manyoya, meno na macho yaliyo wazi. Hali hiyo huwadanganya wafugaji wengi, kwani humwona mtoto akitembea na kutafuna jani siku zake za mwanzo, wakadhani kwamba anaweza kujitegemea. Ukweli ni kwamba bado anahitaji maziwa kwa majuma mawili hadi matatu. Tena mama ana chuchu mbili tu, kwa hiyo wanapozaliwa watoto wanne au watano, aliye mdogo zaidi husukumwa kando na kudhoofika hata kama mama yu mzima.

Kabla ya kufikiria maziwa, mpe joto. Mguse masikio na nyayo; zikiwa za baridi, usimlishe kitu chochote kwanza. Mtoto aliyepoa hamezi vizuri, na utumbo wake hufanya kazi polepole mno, hivyo maziwa unayompa kwa huruma yanaweza kuingia mapafuni au kukaa tumboni bila kusagwa. Jaza chupa maji ya moto, izungushie kitambaa kinene, iweke upande mmoja wa boksi lililotandikwa nyasi kavu au taulo, na uache upande wa pili bila joto ili mtoto aweze kusogea akizidiwa. Katika maeneo ya baridi kama Njombe na Makete, chupa hiyo hupoa upesi usiku, nayo ikipoa humnyang'anya mtoto joto, kwa hiyo ni lazima uamke kuibadilisha.

Iwapo una jike mwingine anayenyonyesha, jaribu kumpa mtoto huyo kabla ya kushika bomba la sindano. Majike wa simbilisi kwa kawaida huwakubali watoto wasio wao, na hakuna maziwa utakayochanganya nyumbani yanayofanana na yale ya jike. Kaa karibu uangalie kama mtoto anapata chuchu na kama hafukuzwi.

Asipopatikana mnyonyeshaji, tumia maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa na kupoa hadi kuwa vuguvugu, au maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, ikiwa yanapatikana kwenye duka la dawa za mifugo. Tafuta bomba la sindano la mililita 1 na uondoe sindano yenyewe. Katika siku za mwanzo mlishe kila baada ya saa mbili wakati wa mchana, na kila baada ya saa tatu au nne wakati wa usiku, ukianza na nusu mililita kwa mlo mmoja na kuongeza taratibu kadiri anavyotaka mwenyewe.

Namna ya kumshika ndiyo inayoamua kama atapona. Usimlaze chali kama mtoto mchanga wa binadamu, kwa sababu akiwa hivyo maziwa hushuka kwenye njia ya hewa. Mweke juu ya taulo akiwa amesimama kwa miguu yake minne, mzungushie kiganja taratibu, kisha pitisha ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, nyuma kidogo ya meno ya mbele. Toa tone moja na usubiri. Utaona taya likichezacheza na koo likipanda na kushuka. Hapo ndipo utoe tone la pili. Maziwa yakitokea puani, acha mara moja, mwinamishe kichwa chini, mfute, na umwache apumue. Ukisikia baadaye pumzi yenye mlio, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Baada ya kila mlo, chovya pamba katika maji vuguvugu na umpapase kwa wepesi sehemu za siri na njia ya haja, kama mama anavyofanya kwa ulimi, hadi akojoe. Mtoto asiyesaidiwa hivyo katika siku zake za mwanzo anaweza kuziba mkojo.

Mizani ya jikoni inasema ukweli kuliko macho. Watoto wengi huzaliwa wakiwa na gramu 60 hadi 100, na wanaweza kupungua kidogo mwanzoni, lakini baada ya hapo uzito unapaswa kupanda. Mpime kila asubuhi kabla ya kumlisha. Uzito ukishuka asubuhi mbili mfululizo, ongeza idadi ya milo badala ya kumshindilia maziwa mengi kwa mara moja.

Nyasi laini na majani mabichi yawepo bomani tangu mwanzo, kwani utumbo wake hujengwa na nyuzinyuzi. Mwili wa simbilisi, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, naye huhitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Anayeikosa huvimba viungo na kukataa kutembea. Vipande vya pilipili hoho na mapera husaidia sana, na kwa mgonjwa asiyetafuna unaweza kusaga chakula chake cha punje (pellets), ukakiloweka na kumpa kwa bomba. Simbilisi aliyepitisha nusu siku bila kula yumo hatarini.

Kuhusu dawa, nasisitiza kwa nguvu zangu zote: usimpe penisilini, ampisilini wala amoksilini kwa mdomo, hata muuzaji akikuhakikishia kwamba sungura au kuku wake walipona. Dawa hizo huua bakteria wema wa utumbo wake, wale wenye sumu wakastawi, na mnyama akafa kwa kuhara katika siku chache. Mwachie daktari anayemjua simbilisi achague dawa nyingine. Vilevile mtenge mgonjwa na sungura, ambao wanaweza kubeba vimelea vya nimonia bila wao wenyewe kuonekana wagonjwa.

Akifikisha majuma matatu, akila nyasi vizuri na uzito ukipanda bila bomba, mrudishe kwa wenzake. Lakini akiwa dume, mweke pamoja na madume, kwa kuwa katika umri huo anaweza kuanza kupandisha.