Tarantula wa kuanzia

Ukitaka kufuga tarantula, yaani buibui mkubwa mwenye manyoya, anza na jike la Grammostola rosea, yule wa rangi ya waridi kutoka Chile. Ni mpole, hana kelele wala harufu. Nyenje mmoja au wawili kwa wiki wanamtosha, na akigoma kula hata miezi kadhaa, mwache, ndiyo tabia yake. Jike huweza kuishi zaidi ya miaka 15. Dume hafiki mbali. Ila usimbebebebe: akianguka tumbo linaweza kupasuka, na vinyweleo anavyopukuta kwa miguu ya nyuma huwasha vibaya, hasa machoni. Ukimkuta amelala chali, usimtupe! Anajivua gamba. Ondoa nyenje waliobaki humo, maana kwa muda huo wanaweza kumtafuna yeye.